KITABU NI CHAKO, LAKINI UFUNGUO UKO NA NANI?

Waza kidogo juu ya kitabu cha wanamemba wa kanisa lenu. Pengine ni kaye kubwa yenye jalada nyeusi, inayowekwa ndani ya kabati ya biro. Ndani yake mumeandikwa nani alibatizwa, siku gani, wazazi wake ni nani, nani alioana na nani. Mama akihitaji karatasi ya ubatizo juu ya ndoa ya mutoto wake, mwandishi anafungua kabati, anageuza kurasa, anapata jina. Haiombe kuuliza ruhusa ya mutu wa inje. Hata mwandishi akihama, ule anayekuja nyuma yake atasoma bila shida, kwa sababu macho na mwangaza wa jua vinatosha.

Lakini leo kazi mingi inaingia ndani ya kompyuta, ile tunayoita hapa kwetu ordinatere. Masomo yanaweka humo alama za watoto. Kooperative ya wachimbaji inaweka humo majina na kilo. Muchuruzi anaweka humo madeni. Hilo ni jambo jema. Mashini haichoke, na inaweza kutafuta jina moja kati ya elfu kumi mbele mutu hajamaliza kupiga chafya. Hatusemi turudi nyuma.

Lakini kuna ulizo moja ambalo watu wengi hawaulizake mbele ya kuanza: Siku nitakayotaka kutoa maandishi yangu ndani ya hii programu, nitaweza? Ao itaomba kwanza nimubembeleze mutu mwingine?

UNALIPA NINI WAKATI UNANUNUA PROGRAMU?

Programu ni maagizo yenye kuandikwa ili kompyuta ifuate. Wengi wanawaza kama wakilipa programu, imekuwa yao sawa vile jembe ao sufuria. Haiko vile. Mara nyingi unalipa paka ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo inaitwa lisansi. Lisansi inasema unaweza kuitumia kwenye mashini ngapi, kwa muda gani, na mambo gani yamekatazwa.

Ni sawa na kupanga nyumba. Nyumba si yako, lakini kitanda ni chako, na vyombo vya jikoni ni vyako. Mwenye nyumba hawezi kusema kama kitanda chako kimekuwa chake. Vilevile majina uliyoandika ndani ya programu ni yako, si ya mwenye programu. Shida ni mulango. Kuna wenye nyumba wanaojenga mulango mudogo sana, mupaka siku ya kuhama kitanda hakipite. Kila programu iko na namna yake ya kuandika ndani ya diski, na kama mwenyewe anaficha namna hiyo, hakuna programu ingine inayoweza kusoma. Kuna zingine zenye kulipiwa kila mwaka. Siku feza inakosekana, programu inafunga, na maandishi yako yanabaki ndani.

Inaomba pia tutofautishe maneno mawili. Programu ya bure ni ile isiyolipishwa, lakini inaweza kubaki yenye kufungwa, na mwenyewe anaweza kubadilisha mawazo kesho. Programu huria ni ile ambayo maagizo yake yametolewa mbele ya watu wote, na lisansi yake inakupatia ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuitengeneza na kuigawia jirani. Ile ya kwanza ni samaki uliyopewa. Ya pili ni samaki pamoja na wavu.

Wachimbaji wetu wanajua uchungu wa ufunguo kuwa na mwingine. Mutoto wa Kamina aliyeenda Kolwezi anabeba mufuko wa mawe mupaka kwenye depo. Munuzi anaweka juu ya jiwe ile mashini ambayo wote wanaita metorex, na mashini inasema ni asilimia ngapi ya shaba ao kobalti. Jasho ni la muchimbaji, lakini mashini ni ya munuzi, na munuzi ndiye anayesoma. Malalamiko juu ya jambo hilo yamesikika kwa miaka mingi. Mutu asiye na njia ya kupima yeye mwenyewe anabaki na kusema tu: “Sawa patron, njo vile.” Na maandishi yetu yanaweza kutufikisha mahali pale pale.

MAMBO YALIYOTOKEA KENYA

Katika inchi ya Kenya, karibu na muji wa Eldoret, kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka pale mupango wa kuandika wagonjwa ndani ya kompyuta. Waliujenga juu ya Microsoft Access, programu ya kawaida ya biro. Kwa kituo kimoja cha mashamba, ilitosha.

Kisha kazi ya kutunza wagonjwa wa ukimwi ikakua. Wagonjwa wakawa maelfu, vituo vikawa vingi, na sanduku lile dogo halikuweza tena kuvibeba. Sasa waza juu ya mugonjwa wa ukimwi. Anakunywa dawa maisha yake yote. Munganga anapaswa kujua ni dawa gani alianza nayo, mwaka gani, na ni gani iliyomuletea shida. Kama maandishi hayo yanapotea ao yanafungwa, munganga anabaki kukisia, na kukisia kunaweza kuua.

Basi mwaka 2004 watu wa Regenstrief Institute ya Indiana na wa shirika Partners In Health walianza kujenga pamoja programu mupya inayoitwa OpenMRS. Walichagua iwe huria. Ilianza kazi Eldoret mwaka 2006, na mwaka ule ule ikafika Rwinkwavu, Rwanda. Faida yake ni hii: namna inavyoandika habari za mugonjwa imetangazwa wazi. Kama kesho wale walioijenga wanaacha kazi, mutu mwingine mwenye ujuzi anaweza kufungua na kuendelea. Mugonjwa hatafungiwa inje ya habari za mwili wake mwenyewe.

NA HAPA KWETU CONGO?

Inchi yetu iko na zone za afya 519, na Kamina ni moja kati yazo. Kila mwisho wa mwezi, kituo cha afya kinahesabu: malaria ngapi, wamama wangapi walizaa, watoto wangapi walichanjwa. Karatasi inaenda kwenye biro ya zone, na kule hesabu zinaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, katika miaka iliyofuata mwisho wa ubaguzi mwaka 1994. Leo inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norvège, na inatumiwa katika inchi zaidi ya 70.

DHIS2 vilevile ni huria. Wizara ya Afya hailipe lisansi kwa kila munganga anayeitumia. Na hesabu zinaweza kutolewa ndani yake katika maandishi ya kawaida ambayo programu zingine zinasoma. Munganga mukubwa wa zone akitaka kujua kama surua inapanda, anaweza kutoa hesabu za miaka mitatu na kuzilinganisha yeye mwenyewe.

Lakini tuseme ukweli wote. Huria si kusema hakuna gharama. Inaomba mashini kubwa ya kuweka hesabu, intaneti, umeme, na watu waliofundishwa. Kama feza yote ya mashini inatoka inje, na hakuna mutu wa nyumbani anayejua kazi, ufunguo bado uko mbali. Ndio maana tunasema funguo ni tatu: lisansi nzuri, ujuzi ndani ya kichwa cha watu wenu, na kopi ndani ya mikono yenu. Moja ikikosekana, mulango haufunguke vizuri.

KUFUMBUA PROGRAMU ILIYOFUNGWA

Sasa, kama maandishi yamekwisha kuingia ndani ya programu iliyofungwa, tufanye nini? Kuna kazi moja ya ufundi inayoitwa kufumbua: kuangalia programu kutoka inje, polepole, mupaka kuelewa inafanya kazi namna gani, bila kuonyeshwa maagizo yake.

Kamina ni muji wa gari-moshi. Njia ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya kuelekea Kalemie zinakutana hapa. Waza juu ya mugeni anayeshuka kwenye gare bila kujua hata neno moja la Kiluba. Anaketi karibu na soko, anasikiliza. Mama mumoja anasema neno, anapewa karanga. Mwingine anasema neno lingine, anapewa samaki. Kisha siku chache mugeni anajua kuomba karanga na samaki. Hakuiba kitu. Alisikiliza tu.

Andrew Tridgell, mutu wa Australia, alifanya hivyo na kompyuta kuanzia mwisho wa mwaka 1991. Alisikiliza maneno ambayo mashini mbili zilikuwa zinaambiana katika waya, na akaandika programu inayosema luga ile ile. Yeye mwenyewe alifananisha kazi hiyo na mutu anayejifunza Kifaransa kwa kuketi ndani ya kahawa na kusikiliza watu wanavyoagiza chakula. Programu yake inaitwa Samba, na mupaka leo inasaidia kompyuta zisizofanana kugawana faili katika biro mingi ya dunia.

Miaka kumi na kitu kisha, mutu yule yule aliingia katika jambo kubwa zaidi. Linux ni programu huria inayoendesha mashini mingi sana, na ndani ya simu za Android ndiyo iko chini inafanya kazi. Mafundi wake walitawanyika dunia nzima, na walihitaji kitabu kimoja cha kuandika nani alibadilisha nini, na siku gani. Mwaka 2002 kiongozi wao, Linus Torvalds, alichagua programu BitKeeper, ya kampuni ya Larry McVoy. Ilikuwa ya bure kwao, lakini iliyofungwa. Na lisansi yake ilikuwa na sharti: anayeitumia bure asijenge programu ingine ya kushindana nayo. Wengine walionya kama historia ya kazi yao imewekwa katika nyumba ya mwingine. Wengi walisema: “Inatembea muzuri, tuache.”

Tridgell hakuwa ametia sahihi kwenye lisansi ile. Alitaka kupata historia nzima ya Linux bila kupitia programu ya McVoy. Mwezi wa nne mwaka 2005, mbele ya mukutano wa mafundi huko Canberra, alionyesha namna alivyofanya: aliita mashini yenye kuweka BitKeeper, akaiandikia neno moja la Kiingereza lenye maana ya “saidia”. Mashini ikamujibu na orodha ya maagizo inayokubali. Watu walicheka sana. Mulango uliohesabiwa kuwa siri ulikuwa unajibu kila mutu anayebisha.

McVoy hakucheka. Kwake yeye, watu walikuwa wanaiga kazi aliyoitolea feza na miaka, na ile programu ya bure ikaondolewa. Mafundi wa Linux wakabaki bila kitabu, katikati ya kazi. Torvalds aliacha mengine yote, na katika siku chache za mwezi wa nne alianza kuandika programu yake mwenyewe, git. Mwezi wa sita Linux ilitoka ikiwa tayari inaandikwa ndani ya git. Leo git inatumiwa na mafundi karibu wote wa programu duniani. Na angalia namna ilivyojengwa: kila mutu anayefanya kazi anaweka kwake kopi ya historia yote. Mumoja akikasirika, wengine hawabaki mikono mitupu. BitKeeper yenyewe ilifanywa huria mwaka 2016, lakini wakati ule dunia ilikuwa imekwisha kupita.

Wale walikuwa kati ya mafundi wakubwa wa dunia, na hata wao walitolewa inje ya nyumba. Basi mwandishi wa kanisa ao mwalimu wa Kamina atapona namna gani kama hajajipanga mbele?

Kazi ya kufumbua inatufikia hata sisi. Biro mingi iliandika barua na orodha katika miaka ya 1990 ndani ya Microsoft Works ao WordPerfect. Works haitengenezwe tena, na programu mupya mara nyingi zinakataa kufungua faili zake. Lakini LibreOffice, programu huria ya kuandika, inaweza kufungua nyingi kati yazo, kwa sababu kuna watu waliketi na kufumbua faili hizo, kipande kwa kipande. Tangu mwaka 2014 wamekusanyika katika kazi inayoitwa Document Liberation Project. Kama uko na diski ya zamani, usiitupe mbele ya kujaribu.

JE, HAIKO WIZI?

Vijana wanatuuliza: “Pastere, kukopi programu ya kulipa na kuvunja funguo yake, ni zambi?” Tujibu wazi. Kuvunja funguo ili usilipe kitu ambacho mwenyewe anauzisha, ni kuchukua jasho la mwingine. Kule kwetu sheria ya haki za watungaji iko tangu tarehe 5 mwezi wa 4, 1986. Tena zile programu za kuvunjwa mara nyingi zinakuja na virusi, na kuna virusi vinavyofunga faili zako zote kisha vinakuomba feza. Umekimbia dolari kumi, unalipa mia.

Lakini kutoa kitanda chako ndani ya nyumba uliyopanga si wizi. Ulaya ilielewa jambo hilo mwaka 1991: sheria yao inaruhusu kufumbua programu pale ambapo inaomba hivyo ili programu mbili zipate kusikilizana, na inaweka mipaka. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2019, inapatia mutu haki ya kupewa habari zake mwenyewe katika namna ambayo mashini ingine inasoma. Congo ilipata Code du numérique tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, na inalinda habari za mutu binafsi. Basi fuata njia ya wazi. Soma lisansi. Andikia muuzishaji barua, omba akutolee maandishi yako. Kama anakataa, uliza mutu wa sheria mbele ya kugusa kitu.

Na hakuna haja ya kuiba. Mwisho wa mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya biro yenye kusema Kiswahili. Hawakumubembeleza mutu, kwa sababu lisansi ya OpenOffice ilikuwa imewaruhusu kubadilisha maneno. LibreOffice imetoka katika OpenOffice ile. Mutu anaipata bila kulipa, anaigawia jirani kwa flashi, na zamiri yake inatulia.

TUFANYE NINI NYUMBANI NA KANISANI?

1. Jaribu mulango wa kutokea siku ya kwanza. Ingiza majina kumi ndani ya programu mupya, yatoe, uyafungue kwenye mashini ingine. Kama hayatoke, usiingize elfu.

2. Chagua namna ya kuandika ambayo wengi wanasoma. Juu ya orodha, CSV: ni maandishi ya kawaida yenye kutenganishwa na virgile. Juu ya barua na ripoti, ODF, ile ya LibreOffice, iliyokubaliwa kuwa kipimo cha dunia mwaka 2006.

3. Weka kopi tatu: moja ndani ya mashini, moja kwenye flashi ao diski katika nyumba ingine, na moja ya karatasi kwa yale yasiyoweza kupotea. Kila miezi mitatu fungua kopi hizo, uone kama zinasoma. Kopi isiyojaribiwa ni matumaini tu.

4. Neno la siri lisijulikane na mutu mumoja. Liandike, funga ndani ya bahasha, weka kwenye kabati ya kanisa, na wazee wawili wajue. Mwandishi akigombana na wenzake ao akiitwa na Bwana, kazi isife pamoja naye.

5. Kijana akijengea masomo yenu programu, mumulipe vizuri, na muandike mapatano: habari ni za masomo, na siku ya mwisho atatoa maagizo yote ya programu na neno la siri.

6. Usisahau simu. WhatsApp inaweza kutoa mazungumuzo yako yakawa faili. Fanya hivyo kwa yale ya maana. Feza inayopita kwa M-Pesa ao Airtel Money, andika ndani ya kaye: siku, nani, ngapi. Simu ikiibwa, kaye inabaki.

7. Kuwa na ufunguo haimaanishe kuonyesha kila mutu. Kitabu cha wagonjwa, cha madeni na cha shauri za ndoa kinabaki siri. Linda mulango pande zote mbili.

Ninyi vijana, hasa mulio na mashini ao munaopita kwenye sibere ya muji, mujifunze kazi hii. Kamina haihitaji paka watu wa kupiga maandishi. Inahitaji watu wanaojua kutoa maandishi pale yalipofungwa, na kuyaweka mahali ambapo wajukuu watayasoma.

Juma hili, fanya kitu kimoja tu. Chukua ile orodha ambayo familia yako, masomo yako ao kanisa lako haliwezi kuishi bila yenyewe. Uliza: kama mashini hii inakufa usiku wa leo, na yule anayejua neno la siri amesafiri, kesho asubui tutaisoma wapi? Kama jibu halipatikane, anza kukopi leo, mbele umeme haujakatika.